Dakika Nne Ukingoni Masoko

Mmenikalisha tena niwasimulie habari za Ackson, na maharage yangu yanaungua huko jikoni. Nasema mara moja tu. Atakayeogopa kwenda chooni asije kunigongea mlango.

Ackson ni mtoto wa marehemu dada yangu, hapo Masoko. Kazi yake kupiga picha. Harusi na kipaimara zilimlisha, lakini kilichomtia wazimu ni jua likizama. Siku baba yake, mzee Jairo, anakata roho, alimwita mwanawe mara tatu. Ackson yuko nyuma ya migomba na kamera, anasema nakuja, nakuja. Alipoingia tulikuwa tumeshamfumba mzee macho. Mtoto mwenyewe akasema mwanga wa leo ulikuwa mzuri. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya maiti.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa sita, baridi kali, anga safi, akamchukua mkewe Atupakisye wakaenda ukingoni mwa ziwa, pale ardhi inapokatika wima juu ya maji. Lilian, binti yao wa miaka minne, waliniachia mimi.

Alikuwa amepata kioo cheusi cha kufunga mbele ya kamera. Kinapunguza mwanga, ndiyo maana kamera inakaa wazi dakika nne nzima bila picha kuungua. Mtu akikatiza hapo haonekani kabisa. Anayetulia ndiye anayetoka. Akamsimamisha mkewe pembeni kabisa, jua likishukia milima ya Undali.

"Usitikisike, mama Lilian."

"Na kupepesa macho?"

"Pepesa. Ila usipumue kama ng'ombe."

Wakacheka. Akafungua kamera.

Dakika ya pili, mabega ya Atupakisye yakakaza.

"Baba Lilian. Baba anakuja."

"Baba yupi?"

"Baba yako."

Ackson akatazama njia ya ukingoni. Nyasi tu, na mwanga mwekundu.

"Tulimzika, wewe mwanamke. Simama."

Sasa ninyi wa mjini mnakaa meza moja na baba mkwe mnagombania paja la kuku. Kwetu mke wa mtoto hakutani uso na baba mkwe. Akimwona njiani anajifunika, anaacha njia, anaingia hata kwenye upupu mpaka mzee apite. Atupakisye alilelewa hivyo. Miaka sita ya ndoa, Jairo hakuwahi kuuona uso wake.

"Niache nitoke njiani," akanong'ona. "Amekaribia."

"Dakika moja imebaki."

"Nauona mkono wake."

"Utaniharibia picha. Simama."

Akasimama. Machozi yanamtiririka na hayafuti, kwa sababu mumewe amemkataza kutikisika.

Ackson akainama kutazama saa ya kamera. Zimebaki sekunde kumi. Akasikia kitenge kikivutwa. Akasikia hatua moja. Ya kurudi nyuma.

Nyuma hakukuwa na njia.

Hakupiga kelele. Hata maji hayakulia. Na Ackson, amenitamkia kwa mdomo wake mwenyewe, alisubiri kwanza kamera ifunge. Ndipo akakimbia.

Tulimpata siku ya tatu. Kitenge kilikuwa kimemfunika uso wote, kimefungwa fundo nyuma ya kichwa. Fundo zuri, la mtu asiye na haraka.

Baada ya msiba akaniletea ile picha. Atupakisye alisimama kama gogo, na hayumo. Ukingo mtupu. Njiani kuna mzee mwenye koti la Jairo, ametoka wazi mpaka vifungo. Anayetembea hatoki. Basi huyo alikuwa amesimama pale pale tangu mwanzo. Na hakuwa akimtazama mkwe wake.

Alikuwa akiitazama kamera.

Wiki haikuisha. Jioni, Ackson amekaa uani, jua limekuwa jekundu. Lilian akaacha kucheza. Akaokota gunia, akajifunika uso. Akaanza kutembea kinyumenyume. Hasemi. Halii. Tulimkuta kwenye mibuni. Kesho yake akafika barabarani. Siku ya tatu tulimkamata kwenye njia ya ziwani, unyayo mmoja umeshaloa.

Wachungaji wakaja, wakaomba, wakala, wakaondoka. Mimi niliona jambo moja. Ackson akisafiri, mtoto analala salama. Akiwepo jua likizama, mtoto anaanza.

Tukampeleka Isongole kwa bibi yake mzaa mama, Tusekile. Sasa mtoto ana miaka tisa. Ackson anakwenda kumwona asubuhi, anamsikiliza akisoma, anamchanjia bibi kuni. Saa kumi kamili pikipiki inaunguruma.

Juzi Lilian alimshika shati.

"Baba, leo kaa. Bibi amepika viazi."

"Siku nyingine, mama."

"Siku nyingine ipi?"

Ackson akambandua vidole, kimoja kimoja, akapanda pikipiki, akashuka na barabara ya Tukuyu kabla mwanga haujageuka.