Kipande cha Wifi

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu zote. Bi Makini, jina la utani alilopewa na wenzake wa maabara kwa kuwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza hata chembe, alivaa koti lake jeupe akaanza kupokea vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa ili vipimwe. Chupa ya tatu ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Ndani mlikuwa na kipande cha ini, chembamba kama kucha iliyokatwa.

Alimpigia simu palepale, huku akikitia kwenye kikasha chenye matundu. "Wifi, kiko mikononi mwangu. Lala unono."

"Basi nimeshapona nusu," wifi akacheka.

Vipande vidogo namna ile hukunjwa kwanza kwenye karatasi, visije vikachoropoka matunduni mashine inapovizungusha kwenye dawa. Bi Makini ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo. Siku hiyo, kwa utamu wa mazungumzo, alifunga kikasha bila karatasi.

Asubuhi kilikuwa kitupu. Alichuja dawa yote kwa kitambaa, akapapasa kila pembe ya mashine mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna kitu. Basi akaandika daftarini: sampuli haikutosha. Nafsi ilimsuta, lakini alilionea huruma jina lake.

Wifi aliogopa kuchomwa tena sindano ile ya kutolea kinyama. "Kama hawakuona kitu, si huenda hakuna kitu?" aliuliza. Bi Makini akanyamaza. Miezi mitano baadaye walimzika.

Aliporudi kazini, vipande viwili vya titi la mgonjwa mwingine viliingia mashineni. Vikatoka vitatu.

Kesho yake, ngozi. Kiliingia kimoja, vikatoka viwili. Daktari aliinua uso kutoka kwenye hadubini.

"Hiki chembamba ni cha nani?" alinong'ona. "Hili ni ini."

Wiki nzima ikawa hivyo. Kila kikasha. Pembeni. Chembamba kama kucha.

Ijumaa alishindwa. Alifungua daftari, akayakata maneno yale ya uongo, akaandika: Nilikipoteza mimi. Kisha akaenda kwa kaka yake, akapiga magoti, akamweleza yote.

"Alikuwa halali mbali na simu," kaka alisema. "Akisema, wifi yangu atanipigia, wifi yangu hawezi kuniacha."

Bi Makini alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemnyamazisha.

Tangu siku hiyo hesabu za vipande zilitimia. Ila alipokuwa akifua koti lake, alikuta mfukoni karatasi iliyokunjwa kwa mkunjo wake mwenyewe, na juu yake namba ya sampuli ya wifi kwa mwandiko wake. Aliikunjua taratibu. Ndani hamkuwa na kitu, ila alama ya unyevu, nyembamba.

Aliianika dirishani, juani. Mwaka wa tatu huu, haijakauka.