Makayabu ya Mzee Onésime

Kuna watu husema uchawi haupandi ndege. Waacheni waseme. Viviane naye alisema hivyo, mpaka jioni moja ya Novemba alipotumwa Woluwe-Saint-Lambert, mtaa wa Brussels, kumlisha mzee ambaye hakuwahi kumwona.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kwenda nyumba kwa nyumba kuwaosha na kuwalisha wazee. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka, na hii alikuwa akiibeba kama yai. Hata ngazi alizipanda polepole.

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia. Alipofungua mlango, harufu ikamkumba pale pale... Makayabu. Samaki wa chumvi, kama wanaouzwa sokoni kwao Bukavu, lakini hawa walikuwa wameoza. Friji ilikuwa safi. Ndoo ya taka ilikuwa tupu.

Harufu ilitoka kwenye pumzi ya mzee.

Mzee Onésime alikuwa kitandani, Mfaransa wa miaka tisini na moja. Alikuwa mifupa mitupu, ingawa wenzake Viviane walisema anakula chakula cha watu wanne. Viviane alipasha moto supu ya karoti, akampelekea kijiko mdomoni. Mzee akafunga midomo. Akakitazama kijiko, kisha akamtazama yeye.

"Papa, kula kidogo," Viviane akanong'ona kwa Kiswahili cha kwao, bila kufikiri. "Haina sumu. Angalia, miye naonja."

Kwao anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, uone kwamba hakukuwekea kitu. Viviane alilelewa hivyo, akatia kijiko mdomoni. Karoti haikuwemo. Kulikuwa na chumvi, na kitu laini kikajisogeza juu ya ulimi wake...

Akameza.

"Miaka themanini," mzee akasema taratibu, kwa Kifaransa. "Walezi wangu huvaa glavu. Hakuna aliyewahi kuonja."

Mzee akamsimulia. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, koloni la Wafaransa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia meli za adui zilifunga njia ya baharini, unga ukaisha, watu wakala majani. Baba yake ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la serikali, lililojaa makayabu ya maofisa. Jioni moja wakata miwa, wajukuu wa watumwa, waliingia humo kujitafutia chakula. Baba akawafungia kwa nje. Samaki wa chumvi tele, na maji hata tone hakuna.

"Aliwatoa siku ya tisa, maiti," mzee akanong'ona. "Makayabu hayakutupwa. Yalipanguswa, yakaletwa mezani."

Viviane aliziba mdomo kwa kiganja.

"Tangu hapo baba hakushiba tena. Wale watu walikula ndani yake. Siku moja alinisogezea sahani yake, akaniambia, onja wewe kwanza."

Mzee akafumba macho, ametulia kama mtoto aliyenyonya. Chumba hakikunuka tena. Viviane alipohema ndani ya kiganja chake, akaisikia ile harufu hapo.

Alitapika kwenye kituo cha basi. Zilitoka ngozi za samaki, na nywele ndefu, nyeusi, zilizoganda chumvi. Kabla hajajifuta mdomo, njaa ikamshika, njaa ambayo hakuwahi kuijua. Ndipo mtoto akaruka tumboni. Alikimbilia upande mmoja, akajibana hapo...

Nyumbani kwao Laeken, mumewe Bertin alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo. Viviane alimaliza sahani tatu, na njaa haikupungua. Mtoto hakucheza tena. Sahani ya nne ikafika, Viviane akaiangalia tu.

"Juu ya nini haukule hii?" Bertin akauliza. "Sombe iko mubaya?"

Akachukua kijiko, akachota kwenye sahani ya mkewe.

Neno moja lingemzuia, na Viviane alilijua. Chini ya kiganja chake tumbo lilikuwa kimya. Alijichukia.

"Onja," akamwambia.

Bertin akaonja.

Mtoto akacheza, kwa nguvu, tumbo zima. Upande wa pili wa meza Bertin alikuwa ameshaivuta sahani karibu naye, na hakuinua uso.