Taaka Anamuuliza Mkwe Wake

Kila asubuhi, malori ya mpakani yakianza kunguruma, Taaka hufagia uwanja wake wa kununua skrepa, yaani vyuma chakavu, mjini Busia, husali, ndipo hufungua geti.

Siku moja aliingia Osborn, mume wa binti yake, amebeba kopo la ekzosi. Ni lile lenye masega ndani, linalosafisha moshi wa gari. Masega hayo yana madini ya bei, ndiyo maana wezi huyakata chini ya magari. Taaka akaona kopo limekatwa kwa msumeno, ukingo bado unang'aa.

Akinunua mali ya wizi, leseni inayolisha nyumba yake itakwenda. Lakini kwa Wasamia, kabila lake, mama mkwe hamhoji mkwe. Hata mkono hawapeani. Akageuza uso, akamwambia arudi mchana.

Alimwendea jirani yake Alungat, askari polisi.

"Dada, mkwe wangu kaniletea kopo la ekzosi. Nikimuuliza nimemvunjia heshima. Nisipomuuliza?"

"Ukinunua umefumba macho, sheria itakushika wewe pia," Alungat akajibu. "Kila anayeuza muulize: gari la nani, nani alilitoa kopo, limevuka mpaka na karatasi gani. Weka nakala ya kitambulisho chake. Usilivunje; ushahidi hupotea, na vumbi lake huumiza mapafu. Una shaka? Usinunue. Tuite."

"Na heshima?"

"Mimi najua sheria tu. Hayo ya Wasamia mtajua wenyewe."

Osborn aliporudi, Taaka alimpa mgongo, kama desturi inavyotaka, akasema akiutazama ukuta.

"Baba, nakuuliza kama ninavyouliza wote. Hili limetoka kwa gari la nani?"

Osborn akaliweka kopo chini.

"Mama, nilinunua kwa kijana fulani pale Malaba. Sikumuuliza."

"Basi sinunui. Twende polisi, useme hivyo hivyo."

Wakaenda, yeye upande huu wa barabara, mkwe upande ule. Osborn aliandikisha maelezo, akamtaja kijana yule. Baada ya siku chache kopo likarudi kwa mwenyewe, Ekaju, msafirishaji wa mihogo kutoka Iyolwa. Gari lake lilikuwa likinguruma vibaya tangu kopo lilipokatwa.

Siku hizi wauzaji huja kwa Taaka na kitambulisho mkononi. Akitokea wa kunung'unika, kijana anayempimia Taaka vyuma kwenye mizani humcheka:

"Mkwe wake mwenyewe aliulizwa. Wewe ni nani?"