Nilimtaja Rafiki Yangu kwa Mwandiko Wake

Wasomaji wenzangu, mie ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mkazi wa Gongo la Mboto. Nimeolewa. Sina mtoto. Niiteni Hadija, ingawa si jina langu.

Najua mkimaliza kusoma wengi wenu mtanichukia. Mna haki… Hata mie mwenyewe nimeshajichukia mpaka nimechoka.

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha sabuni ya unga. Kazi ya kampuni kubwa ni tamu, nisiwadanganye. Mshahara hauchelewi. Una bima ya afya. Kuna basi la kukuchukua asubuhi na kukurudisha jioni. Na heshima mtaani! Nikishuka na sare yangu ya kijani, Ami Salum, yule mzee wa Kiarabu mwenye duka la kona, alikuwa ananiita "mama kampuni" mbele ya wateja wote. Nilikuwa natembea kichwa juu.

Ila ukishaingia getini, wewe huna jina. Mie nilikuwa namba mia saba na kumi na mbili. Tunasimama kwenye mstari wa kufunga pakiti tangu asubuhi mpaka saa kumi. Vumbi la sabuni linaingia puani, usiku unakohoa povu. Ukitaka kwenda chooni lazima uchukue kibao cha ruhusa kwa msimamizi, na vibao ni viwili kwa wanawake arobaini. Kuna mwenzetu mmoja mtu mzima kabisa, mwenye wajukuu, alijikojolea pale pale akisubiri kibao. Mashine haikusimamishwa hata dakika moja.

Aliyeniingiza kiwandani ni Somoe. Sote ni watu wa kusini, yeye wa Newala, mie wa Masasi, na tulipanga nyumba moja, mlango kwa mlango. Alikuwa na binti mmoja, Zuhura, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomlaza mtoto kwa maumivu ya mifupa. Baba yake alipoambiwa na daktari kwamba ni ugonjwa wa maisha, aliaga anakwenda kununua sigara. Hajarudi mpaka leo.

Zuhura alikuwa ananiita mama mdogo. Nilimsuka nywele kila Jumapili. Kama kuna mtoto nimewahi kumpenda duniani, ni yule.

Basi, baada ya miaka sita ya kutafuta mtoto, na mie nikashika mimba! Mume wangu, baba Hamisi tulianza kumwita hata kabla mtoto hajazaliwa, alilia kama mwanamke. Mimba ilipofika miezi mitano miguu ikavimba, viatu havikuingia. Nikamwomba msimamizi wetu, kijana aitwaye Edgar, aniruhusu kufanya kazi nimekaa.

Akanitazama tumbo, akacheka.

"Kampuni imeajiri mikono yako, dada. Tumbo ni lako na mumeo. Nikikukalisha wewe, kesho wote watakuja na matumbo."

Somoe akaleta ndoo tupu, akaigeuza, akaniambia nikae. Edgar akaja akaipiga teke nikiwa bado nimeikalia nusu. Nikaangukia magoti. Wanawake wote waliona. Hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa Somoe, aliyemwambia, "Mama yako naye alikubeba tumboni, Edgar!" Kwa neno hilo akakatwa mshahara wa siku tatu.

Siku ya nne yake nikatokwa na damu pale pale kwenye mstari. Somoe alivua kanga yake akanifunga kiunoni, akanibeba mpaka getini. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Naomba mnisamehe, hapa niliacha kuandika kwa muda…

Niliporudi kazini miezi miwili baadaye, kampuni ilikuwa imeleta utaratibu mpya. Kila mfanyakazi alipewa karatasi yenye maswali mawili: unapenda nini katika kazi yako, na hupendi nini. Tukaambiwa tusiandike majina. Tukaambiwa wakubwa wanataka kusikia ukweli kutoka kwetu, ni siri, hakuna atakayejulikana. Karatasi zikatumbukizwa kwenye sanduku lenye kufuli.

Mie niliandika kwamba napenda kila kitu. Hupendi nini? Nikaandika: hakuna. Ndivyo nilivyokuwa mwoga.

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini kwa Madam Vivian, mkubwa wa masuala ya wafanyakazi. Mwanamke mzuri, ananukia vizuri, anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto. Akanikaribisha kiti. Akanipa pole kwa msiba wangu. Akanipa na maji baridi! Kwa miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza mkubwa wa kampuni kuniita kwa jina langu.

Akaniambia anatafuta karani. Kazi ya kukaa. Ofisini, kwenye kiyoyozi. Akasema amenifikiria mie kwa sababu daktari alishauri nisisimame sana kama nataka kubeba mimba nyingine.

Kisha akasogeza karatasi moja mbele yangu.

"Mwandiko huu unaufahamu?"

Niliufahamu kabla hajamaliza kuuliza. Ile "z" yenye mkia mrefu… Nilikuwa nimeuona kila mwezi kwenye daftari la mchezo wetu wa upatu, maana Somoe ndiye aliyekuwa katibu.

Nikaisoma. Niliisoma yote, wasomaji wangu, msije mkadhani sikujua nilichokuwa nafanya. Upande wa anachokipenda aliandika: "Napenda bima. Bila bima hii mwanangu asingefika darasa la tatu. Naishukuru sana kampuni." Upande wa pili aliandika: "Sipendi mwenzangu kunyimwa kiti mpaka mimba ikatoka, na aliyefanya hivyo bado ni msimamizi wetu. Kama kampuni haitamchukulia hatua, nitakwenda mwenyewe kwa maofisa wa kazi wa serikali, na nitasimama shahidi."

Alikuwa ananitetea mie! Alikuwa anamtetea mwanangu aliyekufa!

"Huyu tunataka kumsaidia tu," Madam akasema. "Ana uchungu. Tukimjua tutakaa naye tuzungumze. Usiponiambia, nitajua kwamba hata wewe huwezi kuaminiwa na kampuni, na ile nafasi nitampa mtu mwingine."

Je, nilimwamini? Nimejiuliza mara elfu. Jibu la kweli ni hapana. Nilijua. Ila nilikitazama kile kiti, nikasikia ule ubaridi, nikaona tumbo langu lijalo limepumzika… Nikasema, "Ni Somoe wa ufungaji."

"Basi niandikie jina lake hapo juu, nisije nikasahau."

Akanipa kalamu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kona ya karatasi: Somoe.

Siku mbili baadaye Somoe aliitwa. Alitoka akiwa ameshika barua. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na kampuni haikuwa na haja ya kuuongeza. Miaka kumi na minne! Edgar alimpungia mkono mpaka getini.

Jioni alinikuta uani nafua. Akakaa karibu yangu, akaniambia wamemwachisha. Hakuniambia zaidi. Nikamkumbatia, nikalia… Nililia kwa sauti kuliko yeye! Mnafiki akilia machozi hutoka vilevile, sikuwahi kujua.

Mwezi uliofuata nikahamia ofisini.

Kumbe bima ya mtu hufungwa siku anapoondoka. Somoe alianza kuuza maandazi, lakini dawa za Zuhura zikawa zinakatika, leo zipo, wiki ijayo hazipo. Mie nilikuwa napeleka matunda na sukari, natoka pale nimejiona mwema.

Siku moja ya Jumapili, mchana, Zuhura akaanza kulia miguu. Somoe alijua ni hali ile ya kuongezewa maji na damu. Zamani angemkimbiza hospitali dakika ile ile, maana kadi ilikuwepo. Safari hii alisita. Akamkanda kwa maji ya moto, akampa dawa ya maumivu ya dukani, akasema labda itatulia. Ilipofika Jumatatu adhuhuri mtoto alikuwa anahema kama amekimbia. Tukaenda. Madaktari walipambana, siwezi kuwalaumu. Walituuliza tu kwa nini tulichelewa.

Somoe aligeuza uso akanitazama mie. Nikadhani ni uchungu tu wa mama.

Zuhura alifariki Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka tisa.

Kwenye kumwosha, Somoe alisema nami niingie. Bibi mmoja wa mtaani alisema wapo waoshaji wa kutosha. Somoe akasisitiza, "Hadija lazima aingie. Ni mama yake mdogo." Nikaosha ile miguu iliyokuwa inamuuma. Nikafumua zile nywele nilizomsuka mwenyewe juma moja kabla.

Nilikaa na siri yangu mpaka siku ya arobaini. Watu walipoondoka nikamfuata Somoe chumbani kwake, nikapiga magoti, nikasema, "Shoga, nina jambo. Mie ndiye niliyekutaja."

Alikuwa anakunja mkeka. Hakuacha kuukunja.

"Najua."

Nikainua kichwa kumtazama.

"Siku ile nilipoitwa, karatasi ilikuwa mezani," akasema. "Nililiona jina langu kwenye kona. Mwandiko wako nani asiyeujua? Wewe unaandika 'Somoe' kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Na hukusema? Ukaniacha nikaingia ndani kwako, nikala na wewe…"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Siku ya kwanza ungeniambia, ningekusamehe, wallahi. Nilikuwa nakupenda. Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Nikasema labda mtoto akiugua atasema, tujue namna ya kumsaidia. Ulileta machungwa."

Nikafunika uso kwa kanga.

"Ndiyo maana nikakuingiza ukamwoshe," akasema. "Nilitaka umshike."

Kisha akaniomba nitoke, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba muda umekwisha. Wiki ile ile alihama. Nasikia yuko upande wa Kibamba, wengine wanasema amerudi Newala. Sijathubutu kumtafuta.

Nilipomweleza mume wangu, hakunipiga wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Somoe alikuwa ameandika kumtetea mtoto wetu?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hali chakula changu. Tunaishi kama wapangaji wawili waliogawiwa chumba kimoja.

Na kazi je? Madam Vivian alinifanya sikio lake. Kila Ijumaa aliniita nimwambie nani kasema nini. Nilipokuwa naingia ukumbi wa chakula, meza nzima inanyamaza. Wenzangu walishajua, sijui nani aliwaambia. Hakuna aliyekaa karibu yangu. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hata kama watu wamesimama.

Mwaka haukuisha Madam akapandishwa cheo, akahamia makao makuu. Aliyekuja akaweka kompyuta, akasema kazi ya karani haina maana tena. Nikampigia Madam simu. Nilimkumbusha kwamba mie ni Hadija, yule aliyemsaidia lile jambo.

Akauliza, "Hadija yupi?"

Nikamweleza. Akasema, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "Dada, uliyemfanyia mwenzako vile, mie nawezaje kukuombea kwa watu? Kesho si utanitaja mie?" Akakata.

Barua yangu ya kuachishwa ilikuja haina hata jina. Iliandikwa: kwa mfanyakazi namba mia saba na kumi na mbili. Imesainiwa na mtu ambaye hajawahi kuniona. Edgar yeye bado yupo. Nasikia sasa anasimamia zamu zote mbili.

Mimba nyingine sikupata.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye makampuni haya makubwa, siwaambii muache. Basi lipendeni, bima ipendeni, sare ivaeni mtembee kifua mbele, kuna watoto wanaishi kwa sababu ya hiyo kazi. Lakini kampuni haina moyo wa kukukumbuka. Ukiitwa ofisini, ukapewa maji baridi, ukaulizwa mwenzako kasema nini, sema sijui! Rudi kwenye mstari ukasimame mpaka miguu ipasuke. Atakayekuvulia kanga siku unayomwaga damu si yule aliyekupa kiti.

Na kama umeshamtaja mtu, umeshafanya, tafadhali… mwambie leo. Usingoje arobaini. Mie ningemwambia wiki ile ya kwanza, tungechanga sote, tungemtafutia Zuhura njia, angekuwa darasa la sita sasa hivi.