Siku Chiriku Aliponyamaza

Kila asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa mapovu. Kabla chai haijachemka, Dada alisimama jikoni na glasi yenye maji, akatumbukiza mrija, akavuma nyimbo zake kupitia mrija huo mpaka maji yakatoa mapovu. Mwalimu wake wa uimbaji alimwambia kuwa zoezi hilo hulainisha koo. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alinyoa ndevu kwa kufuata sauti hiyo: ikipanda, wembe unapanda, ikishuka, wembe unashuka. Siku Dada alipokohoa katikati ya wimbo, Baba alikwenda kazini na plasta kidevuni.

Mdogo wake Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku. Hakupewa bure. Alizungumza akivaa viatu, akapiga mswaki huku akizungumza, na usingizini pia aliendelea. Mama, muuguzi wa zahanati, alisema mtoto huyu angekuwa redio wangekwisha kumtoa betri zamani.

Wote wanne walijua vizuri mezosoprano ni nini, kwa sababu walichoka kuwaeleza majirani. Ni sauti ya kati ya mwanamke: chini ya ile nyembamba inayofika juu kabisa, na juu ya ile nzito. Jirani mmoja aliuliza kama maana yake ni kwamba Dada alijaribu kufika juu akashindwa. Mama akamjibu kuwa kiuno nacho kiko katikati ya mwili, na bila hicho hakuna anayesimama.

Mwaka huo chuo cha muziki kilihitimisha waimbaji watatu, wote wasichana, na wote wenye sauti hiyo ya kati. Waliandaliwa onyesho la pamoja katika ukumbi wa manispaa, Jumamosi alasiri. Dada alipangwa wa mwisho. Wimbo wake wa kufungia ulimhusu mama anayemuuguza mtoto wake. Ulianza chini kama mnong'ono, ukapanda polepole hadi noti moja ndefu iliyomtoa Dada jasho kila alipoifanyia mazoezi. Miongoni mwa wasikilizaji angekuwepo mkuu wa kwaya kubwa ya jiji, mama mmoja mkali aliyekuwa akitafuta mwimbaji mmoja wa kumwajiri. Nafasi hiyo Dada aliitamani tangu alipoingia chuoni.

Siku mbili kabla ya onyesho, Dada alimkabidhi Chiriku karatasi za noti za muziki za mpiga piano. Alitaka kila karatasi ibandikwe kwenye kadi ngumu, ili mpiga piano ageuze kurasa bila kuzipapasa. Chiriku aliipenda kazi hiyo na mikono yake ilikuwa safi. Sharti lilikuwa moja tu, asifanyie kwenye meza ya kulia. Chiriku akafanyia kwenye meza ya kulia, kwa kuwa hapo ndipo mwanga ulipokuwa mzuri, na kikombe chake cha chai kilikuwa pale pale.

Alikuwa akiielezea gundi habari za shuleni kiwiko kilipogonga kikombe. Chai ya maziwa ikaumwagikia wimbo wa mwisho. Kurasa mbili ziligeuka rangi ya kahawia lakini zilisomeka. Ya tatu ililoa mpaka wino ukavuja na noti zikawa matope.

Dada alikuwa chumba cha pili, akipiga pasi gauni lake. Ilikuwa ni kuita tu. Chiriku hakuita. Alizikausha zile karatasi dirishani, akazificha ndani ya boksi la viatu vya shule, na siku ya pili akapitia maktaba ya chuo. Mkutubi alimfahamu, akampa kitabu alichoomba. Jina la wimbo lilikuwa lile lile, maneno yale yale. Chiriku akaenda kuutoa fotokopi, akarudi nyumbani na kuhamisha alama zote ambazo Dada alikuwa ameziandika kwa penseli: hapa navuta pumzi, hapa unisubiri. Hakuruka hata moja. Alipomaliza na kuzipanga karatasi zote ndani ya jalada, kazi ilikuwa nadhifu kuliko ya kwanza, na akajiona mjanja.

Jumamosi mchana, wakati wa kujiandaa, Dada alibonyeza noti yake ya kuanzia kwenye kinanda kidogo cha umeme, kisha akaenda bafuni akiivuma. Chiriku alijua noti kiasi cha kufuata mstari mmoja kwa kidole, akataka kumfuatisha. Akafungua jalada, akabonyeza noti ya kwanza kama ilivyoandikwa kwenye karatasi mpya.

Haikulingana na sauti ya bafuni. Ilikuwa juu yake. Akabonyeza tena, akijua kabisa kwamba kidole hakikukosea.

Alilitoa boksi la viatu akalinganisha. Katika kona ya karatasi yenye chai paliandikwa kwa herufi ndogo "sauti ya kati". Katika kona ya ile mpya paliandikwa "sauti ya juu". Wimbo ulikuwa mmoja, lakini ulichapwa mara mbili kwa waimbaji wa aina mbili, na huu aliouleta yeye ulianzia juu na kwenda juu zaidi. Ile noti ndefu ilikuwa tayari mlima kwa Dada. Kwa karatasi hizi ingekuwa ukuta. Na mpiga piano, aliyewapigia wahitimu wote watatu nyimbo chungu nzima, angecheza kilichowekwa mbele ya macho yake.

Ndani ya teksi Chiriku hakusema neno. Mama alimtazama mara mbili, akatoa kipimajoto mkobani na kumtia kwapani.

"Homa huna," alisema. "Sasa una nini?"

"Sina kitu, Mama."

Baba alimwambia dereva aendeshe taratibu, kwa sababu kuna mtu humu amemeza redio.

Chumba cha nyuma ya jukwaa kilikuwa na kioo kimoja, viti vya plastiki na piano kuukuu. Wahitimu watatu walisimama na magauni ya bluu, kila mmoja na glasi yake, wakitoa mapovu. Mmoja aliitwa Mlingoti kwa urefu wake. Mwingine aliitwa Kicheko, maana akiogopa hucheka, na siku hiyo alicheka mfululizo. Mpiga piano, mwanamume mwembamba ambaye chuo kizima kilimwita Bwana Vidole, alikuwa akinyoosha mikono.

Chiriku alisimama mlangoni amelikumbatia jalada, na kwenye begi lake zilikuwemo zile karatasi za chai, ambazo alizichukua bila kujua za nini. Alijiambia kuwa akisema sasa atamtia Dada hofu dakika za mwisho. Kisha akajiambia kuwa labda Bwana Vidole atagundua mwenyewe. Alikuwa bado anajiambia Dada alipolichukua jalada, akalifungua na kuwaonyesha wenzake.

"Oneni mikono ya mdogo wangu," alisema. "Nikimpa kazi huyu, sina haja ya kukagua."

Kama angemgombeza, pengine Chiriku angeendelea kunyamaza. Sifa zile zilimshinda.

"Dada, usimpe Bwana Vidole. Wimbo wa mwisho siyo wa sauti yako."

Halafu yakamtoka yote kwa pumzi moja: chai, boksi la viatu, maktaba, maandishi ya kwenye kona. Mapovu yalikoma. Kicheko aliacha kucheka.

Dada alitazama dari. Alipozungumza, alizungumza chini sana. "Shukuru Mwalimu amenikataza kupaza sauti kabla ya kuimba. Mimi na wewe tutaongea kesho."

Bwana Vidole aliuliza karatasi zilizomwagikiwa ziko wapi. Chiriku akazitoa. Mpiga piano akazigeuza, akazinusa, akasema chai ilitiwa sukari kupita kiasi. Kurasa mbili za kwanza angeweza kuzisoma. Ya tatu haikufaa, na hakutaka kuitegemea kumbukumbu kwenye wimbo uliobeba ajira ya mtu. Nakala ya Mwalimu ilikuwa imefungiwa kabatini chuoni, na siku hiyo chuo kilifungwa. Ilibaki njia moja. Angeuandika upya ukurasa wa tatu kwa mkono kutoka kwenye ile fotokopi, akishusha kila noti kwa kiasi kile kile. Ila Mlingoti na Kicheko walitangulia kuimba na yeye ndiye aliyewapigia, kwa hiyo muda wake ulikuwa mapumziko peke yake. Na karatasi yenye mistari ya noti hakuwa nayo.

Hakuna aliyehitaji kuuliza nani atapiga mistari.

Chiriku alipiga magoti mbele ya kiti cha plastiki, akaanza kuchora kwa rula: mistari mitano, nafasi, mistari mitano. Nyuma ya pazia sauti ya Mlingoti ilitandaza wimbo kama shuka safi. Kisha akaja Kicheko, ambaye akishafungua mdomo kuimba hana utani hata kidogo. Makofi yalivuma. Chiriku hakuinua kichwa, maana mstari mmoja uliopinda ungemfanya Bwana Vidole asome noti isiyokuwepo.

Mapumziko yalipofika, Bwana Vidole hakugusa maji wala kiti. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya piano, huku Chiriku akipuliza wino ukauke. Walipomaliza aliucheza ukurasa ule polepole na Dada akavuma juu yake. Sehemu moja Dada alikunja uso. Noti moja ilikuwa imesahauliwa kushushwa. Ikarekebishwa, na kengele ikalia.

Chiriku alikwenda kukaa kati ya wazazi wake akawaeleza yote kwa kunong'ona, bila kungoja aulizwe. Mama alimshika mkono akaubana, na hakuuachia.

Dada alitoka akasimama kwenye mwanga. Nyimbo zake za kwanza zilipokwisha, aliuanza ule wa mwisho chini, kwa sauti nene na laini, kama mtu anayemfunika mtoto bila kumwamsha. Mtu mmoja nyuma alikuwa akikohoa, akaacha. Wimbo ukapanda. Bwana Vidole akageuza hadi ukurasa wa tatu, ule wa mistari ya rula, na Chiriku akasahau kupumua. Noti ndefu ikaja. Dada hakuisukuma wala kuipapatikia. Aliifungulia tu, ikajaa ukumbi mpaka kwenye viti vya nyuma, ikakaa, kisha akaishusha mwenyewe alipotaka.

Baba alisimama kabla ya watu wote, akipiga makofi kwa mikono yake ya chuma, na kumwambia jirani yake wa kiti, ambaye hakuuliza, kwamba yule ni binti yake. Mama alisema vumbi la ukumbi huu limezidi, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mkuu wa kwaya alikuja nyuma ya jukwaa na hakupoteza muda. Alimwambia Dada afike mazoezini Jumatatu. Alipoziona zile karatasi za kahawia na ule ukurasa wa mkono aliuliza ni kitu gani. Bwana Vidole alimsimulia kwa ufupi, akaongeza kuwa mistari ya binti huyu imenyooka kuliko yake. Dada alizirudisha zote tatu kwenye jalada. Alisema hazibadilishi; ndizo atakazokwenda nazo Jumatatu.

Nje, wakisubiri teksi, Mama alimgeuza Chiriku amtazame usoni.

"Chai humwagika," alisema. "Mimi mwenyewe nimemwaga dawa za wagonjwa. Ungesema siku ile ile, tungetafuta karatasi nyingine tukalala. Wewe ukaficha, halafu ukaficha kwa bidii, na dada yako akabaki na nusu saa ya kuokoa kazi ya miaka. Ukiharibu kitu, sema kingali kinatengenezeka. Leo umesema umechelewa, lakini umesema, tena mbele ya watu. Kwa hilo najivunia, na sitalisema mara ya pili."

"Ndiyo, Mama."

"Na Jumatatu utampelekea Bwana Vidole chai, kwa sababu hakupumzika."

"Nitapunguza sukari," alisema Chiriku, na kutoka hapo akaanza kuwasimulia mistari mitano inavyopigwa, Mlingoti alivyoimba, na rangi ya viatu vya mkuu wa kwaya. Hakunyamaza mpaka nyumbani. Baba alifumba macho kwenye kiti cha mbele na kumwambia dereva kuwa sasa anaweza kwenda mwendo autakao.

Dada alikuwa amechoka, kichwa kimeegemea dirisha. Bila kufumbua macho, alinyoosha mkono akaushika wa mdogo wake, ule wenye wino.