Mavuno ya Februari

Sanduku la chuma la kikundi cha wakulima lilikutwa wazi na tupu, kufuli likiwa zima. Ndani zilipaswa kuwamo fedha za mbolea ya kukuzia, na mpunga wa bonde lote lile karibu na Chimala ulikuwa ukiisubiri. Ufunguo ulijulikana kuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwa Yunisi, mweka hazina.

Basi wanakikundi wenzake wakamkamata yeye, kazi ikaisha. Inspekta Benedicta Kalinga alipofika kutoka Mbeya, alimkuta mama huyo ameketishwa sakafuni katika ofisi ya kijiji, kitenge kimechanika begani. Nje, watu waliokuwa wakisali naye kila Jumapili walidai shamba lake liuzwe.

"Nani kamchania nguo?" aliuliza Inspekta.

Koplo Nashoni, aliyekuwa akimlinda, alitazama viatu vyake.

"Mpe kiti. Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande."

"Fedha umechukua?"

"Sijachukua."

"Mara ya mwisho uliweka lini?"

"Agosti. Tangu hapo sijaletewa hata senti."

"Mhasibu wenu anasema michango imeingia kila mwezi."

"Ndivyo alivyosoma mkutanoni. Nikasimama nikasema sijapokea kitu. Wakanicheka. Wakasema kompyuta haidanganyi, mama, kaa chini."

"Ufunguo uliwahi kumpa mtu?"

"Mara moja tu. Nilikwenda msibani Mgololo, nikamwachia huyohuyo mhasibu. Asukile."

Asukile alikuwa chumba cha pili, shati limenyooshwa, kompyuta mezani. Programu yake ya hesabu haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ilikuwa skrini nyeusi, unaiandikia amri, inakujibu kwa safu za tarakimu. Wanakikundi waliiheshimu kuliko mchungaji wao.

"Andika amri uliyoitumia mkutanoni," alisema Inspekta.

Aliandika. Safu zikashuka: Septemba, Oktoba, mpaka Februari. Kila tarehe mosi, michango ilikuwa kiasi kilekile.

Inspekta alisoma, kidole kikasimama kwenye Februari.

"Michango hii hutolewa lini?"

"Mtu akishauza mpunga, afande."

"Februari hii nani kavuna?"

Asukile alijifanya anasoma skrini.

"Nakuuliza wewe! Mpunga niliopita nao barabarani uko kijani, umefika magotini. Nani kauza?"

"Hayo ni makadirio. Programu inakisia miezi ijayo kwa kufuata bajeti."

"Na wewe mwisho wa amri umeiambia iyajumlishe na fedha halisi. Futa neno hilo la 'makadirio'. Andika upya."

Alifuta. Safari hii hesabu iliishia Agosti.

"Kwa hiyo nyingi ya fedha ulizoripoti kuibwa hazijawahi kuwepo. Uliwasomea watu kama zimo sandukuni."

Na isipokuwa Yunisi, hakuna aliyehoji! Kila mmoja alijua yeye hajatoa, akadhani wenzake wametoa, akanyamaza kwa aibu. Asukile aliwajua vizuri.

"Za Agosti zilikuwepo kweli. Ziko wapi?"

"Muulize mwenye ufunguo."

Inspekta aliamuru upekuzi. Chini ya godoro la Asukile, Koplo Nashoni alikuta ufunguo wa kuchongesha, akaujaribu, kufuli likafunguka. Kando yake lilikuwapo fungu la mikataba ya kununua mpunga ungali shambani, kwa bei ya kutupa. Wauzaji walikuwa wanakikundi. Mnunuzi, katika kila mkataba, alikuwa Asukile.

"Haya, sema," alisema Inspekta.

Alisema. Hata sauti haikumtetemeka, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kuliko yote.

"Wanakuja wenyewe niwatengenezee bajeti ya nyumbani, bure. Wananieleza kila kitu: ada za watoto, madeni, magunia yaliyobaki. Naingiza. Programu inanionyesha mwezi ambao nyumba itaishiwa. Ukifika, namtuma dalali."

"Na fedha za kununulia?"

"Za sandukuni. Nikiwasomea kuwa zinaongezeka kila mwezi, hakuna anayetaka kulifungua."

"Unanunua mpunga wao kwa fedha zao!"

"Ni biashara, afande. Wangemuuzia mtu mwingine tu."

"Na mbolea?"

"Mpunga mwingi sasa ni wangu. Ningeuwekea mwenyewe. Tatizo wakaanza kuidai mapema, ikabidi sanduku lionekane limeibiwa."

"Ukamsukumia mama wa watu."

"Ufunguo alikuwa nao yeye."

Inspekta alipiga meza, kalamu zikaanguka. "Wezi nimewakamata wengi. Wewe ulikaribishwa ndani, ukaonyeshwa njaa ya watu, ukaenda kuiwekea bei. Nashoni, mfunge pingu. Na mumpitishe mbele ya wale waliochana kitenge."

Yunisi aliambiwa yuko huru. Hakuinuka. Kati ya mikataba iliyotandazwa mezani kuwa vielelezo, aliitambua alama ya dole gumba lake mwenyewe.

"Hili ni shamba langu."

"Liko salama, mama. Mikataba hii yote inakwenda mahakamani pamoja naye."

Yunisi aliendelea kuikodolea karatasi.

"Dalali alikuja siku ileile unga ulipoisha," alisema taratibu. "Sikumwita. Nikajua Mungu ndiye kamtuma. Alipoondoka nilipiga magoti palepale jikoni, nikawaita na watoto. Nikamwombea baraka huyo tajiri aliyemtuma, nisiyemjua hata jina."