Mashine ya Bloss Haizimwi

Mkanda ulikatika tena, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa chumba cha chini. Glenda Rusnak akaipiga mashine teke.

"Ipige tu," mumewe, Ted, alisema kutoka ngazini. "Labda itaogopa."

"Nyamaza, Ted."

Ilikuwa mashine ya kusugulia maganda ya risasi: pipa dogo la chuma, linalozungushwa na mkanda wa mpira. Unatia maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, unatia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unaliacha lizunguke mpaka shaba iliyofubaa ing'ae kama pete. Ndipo unayajaza upya baruti na risasi. Kiwanda kilichoitengeneza kilikufa zamani. Glenda alishajaribu mkanda wa mashine ya kufyonza vumbi, akajaribu wa cherehani, hata raba za mitungi ya kuhifadhia matunda. Kama haukuteleza, uliungua. Na msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Bunduki ya mwanawe, Corey, ilikuwa ya babu yake, ya aina ambayo risasi zake hazionekani tena madukani. Bila maganda safi hakuna risasi, na bila risasi Glenda hatapanda kilima.

Kilima ndicho alichokitaka. Alitaka kukaa palepale Corey alipoangukia, na bunduki ya mwanawe mapajani, amtazame usoni kila atakayepita.

Mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu, Corey alipigwa risasi kule juu wakati giza linaingia. Hakuna aliyejitokeza. Polisi walipekua majani mpaka mikono ikafa ganzi, wasipate hata ganda moja. Hapo watu wakajua muuaji ni mtu wa kujaza risasi, kwa sababu mtu wa kujaza risasi haachi ganda lake porini. Huinama kuliokota kabla moshi haujatawanyika. Lakini katika milima hii ya kaskazini mwa Pennsylvania, nani hajazi? Tangu siku hiyo Glenda alimchukia kila mwanamume aliyemshikia mlango wa kanisa. Alijua anawaonea karibu wote. Hakujua ni yupi asiyeonewa, basi aliwachukia kwa jumla.

Muuza bunduki wa mjini ndiye aliyemwelekeza. "Jaribu kwa mzee Harlan Bloss, barabara ya juu. Ana kama hiyo yako, nasikia ina mkanda wake wa asili. Utaisikia kabla hujaiona nyumba."

"Kelele nyingi hivyo?"

"Za mzee au za mashine?" Muuzaji akacheka peke yake. "Mashine. Haizimi."

Jua lilikuwa linazama alipofika. Alizima gari, akaisikia.

Grrr... grrr... grrr...

Ilitoka kwenye karakana kando ya nyumba. Alibisha, akabisha tena, mwisho akasukuma mlango. Hita ya mafuta ya taa ilikuwa inawaka. Vumbi la magunzi lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya mabega ya mzee aliyeketi kwenye kiti cha mbao mbele ya pipa. Harlan Bloss, aliyekuwa akiimba sauti nzito ya chini kabisa kanisani. Majira ya baridi yaliyopita aliacha kuja, na watu wakasema ni ujane. Sasa mashavu yalikuwa yamebonyea, na macho yalikuwa ya mtu aliyesahau usingizi ulivyo.

"Glenda," alisema, kama aliyekuwa akimngoja.

"Nimefuata mkanda, mzee."

"Ninao huo mmoja tu."

"Basi izime niupime. Kama ni saizi yangu, tutaelewana."

"Haizimwi."

"Imeharibika swichi?"

Mzee akatikisa kichwa. Glenda, ambaye subira ilimwisha tangu mwaka jana, akasogea na kuchungulia kwenye kioo kidogo cha kifuniko. Magunzi yalikuwa yakipanda na kuporomoka. Katikati yake kitu kimoja cheusi kilionekana, kikazama, kikaonekana tena.

"Unaendesha mashine nzima kwa ganda moja?"

"Halitaki kutakata."

"Tangu lini?"

Harlan akakaza macho kwenye pipa.

Grrr... grrr...

Glenda akamgeukia, mkono kwenye waya wa plagi.

"Nimekuuliza. Tangu lini, Harlan?"

"Usizime," mzee alinong'ona. "Nakuomba."

Akang'oa plagi ukutani.

Pipa likazunguka kidogo kwa uzito wake. Likasimama.

Kimya.

Kisha... majani.

Sakafu ilikuwa ya saruji, hapakuwa na jani hata moja, lakini yalisikika yakichakarika, makavu, kama mtu anayejaribu kujiburuta juu yake. Harufu ya mafuta ya taa ikatoweka. Ikaja harufu ya theluji iliyo karibu kuanguka, na ya udongo, na ya damu.

"Mzee Bloss... nakuona. Niko hapa."

Sauti ile aliijua tangu ilipokuwa haijui kusema.

"Corey! Mama yuko hapa! Corey!"

Sauti haikumgeukia.

"Mzee Bloss... niko hapa chini..."

Harlan alikuwa ameziba masikio. Machozi yalichora mistari katika vumbi la uso wake.

"Nilidhani kulungu. Naapa, nilidhani kulungu. Nikainama kutafuta ganda. Ni mazoea, Glenda, mkono ulikwenda wenyewe. Ndipo nikamsikia anaita. Nikajiambia, ngoja nilipate kwanza... majani yalikuwa mengi... nilipolipata, alikuwa ameshanyamaza."

"Ulikuwa unatafuta ganda."

"Nikaogopa. Nikaondoka."

"Mwanangu anakuita kwa jina, na wewe unatafuta ganda!"

Alilinyakua pipa kwa mikono miwili akalibamiza ukutani. Kifuniko kikafyatuka, magunzi yakamwagika, vumbi likapanda mpaka darini. Ganda likaruka, likalia ting juu ya saruji, likaviringika chini ya meza ya kazi.

Wazo moja tu likamjia. Lile ndilo ushahidi. Kila bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda, na bila ganda hili angekuwa mama mwenye uchungu anayesimulia habari za sauti. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza.

Nyuma yake kiti kilianguka. Kitu kizito kikafuata.

"Glenda..."

"Subiri!"

Vumbi. Misumari. Kipande cha waya.

"Glenda... kifua... niko hapa..."

"Nimesema subiri!"

Aliona haya kidogo kwa ukali ule, kisha hasira ikaimeza haya. Asubiri! Naye asubiri kidogo! Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono mpaka bega likauma.

"Nakuona..." mzee alisema, kwa udhaifu sana.

Kidole kikagusa chuma. Akalivuta. Lilikuwa jeusi, na lilikuwa baridi kama lililookotwa porini sasa hivi.

Akainuka.

Kimya.

Corey hakusikika. Majani hayakusikika. Harlan Bloss alikuwa chali, macho wazi, yameelekea pale magoti ya Glenda yalipokuwa.

Alimkandamiza kifua mpaka mikono ikachoka. Akapiga simu ya ukutani. Gari la wagonjwa lilipofika, na askari nyuma yake, hapakuwa na la kufanya ila kumfunika.

"Pole, mama," askari alisema. Alikuwa kijana mpole. "Alianguka ghafla? Alisema lolote?"

Mkono wa Glenda ulikuwa mfukoni, umelifumbata ganda. Alikuwa amelitafuta kwa mwaka mzima. Ilibaki alitoe tu, aeleze alivyolipata, na aseme nani alikuwa anamwita alipokuwa analitafuta.

"Ghafla," alisema. "Hakusema kitu."

Akaendesha gari mpaka nyumbani, akaliingiza uani, akalizima.

Majani yakachakarika kwenye kiti cha nyuma.

"Glenda... nakuona. Niko hapa."

Haikuwa sauti ya Corey. Ilikuwa nzito, ya chini kabisa.

Akaliwasha gari upesi hata ufunguo ukamchubua. Injini ikanguruma, ikaifunika ile sauti. Akaketi, mikono yote miwili juu ya usukani, akisikiliza injini kama mtu anavyosikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa.

Ted alitoka na ndala, akagonga dirisha. Glenda akalishusha.

"Umepata mkanda?"

Akatikisa kichwa.

"Haya, si mwisho wa dunia. Zima gari uje ule, soseji zinapoa."

"Tangulia."

"Mafuta yanaungua bure, mke wangu." Akapitisha mkono dirishani, kwa utani kidogo, kuelekea ufunguo.

"Usizime," Glenda alinong'ona. "Nakuomba, Ted."

Lakini Ted alikuwa ameishi na hasira za mkewe mwaka mzima, akajizoeza kuzituliza bila kuuliza. Akadhani ni zile zile. Akamshika bega kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akazungusha ufunguo.